Siku Mzee Walter Aliporudi Seneti

Jumapili, 8 Machi

Nimemnyoa Mzee Walter baada ya chai. Leo hakugombana na wembe. Akajipapasa mashavu, akauliza kama kuna kikao. Nikamwambia kikao ni Jumatano. Akanywa maji, akauliza tena. Nikajibu tena.

Alikuwa seneta wa jimbo hili la Ohio kwa miaka mingi. Sasa kumbukumbu zinamtoka. Anaishi Westerville na binti yake Diana, na mimi ndiye ninayemwogesha, kumvisha na kumlisha. Jumatano Seneti itasoma azimio la kumheshimu, mbele ya wote. Diana anaogopa. Akitukana je? Akianza kulia je? Alitaka wamletee cheti hapa nyumbani, yaishe. Mzee alisikia kutoka sebuleni.

"Seneta ni mimi, si wewe," akasema. "Nitakwenda. Na Nestori atanipeleka."

Nikasema sawa. Sijui kwa nini nilisema sawa.

Alhamisi asubuhi Mama anabadilishwa nyonga, Buffalo. Mdogo wangu Sadoki anatoka Louisville Jumatano alfajiri, anipitie hapa Columbus, twende pamoja. Nimemwahidi Mama kwamba jioni hiyo tutakula naye na kusali naye kabla ya kisu. Mama hajaniomba ahadi nyingi.

Diana sijamwambia. Mjinga mimi.

Jumatatu, 9 Machi

Dada Konsolata amepiga simu kutoka Buffalo. Yeye ndiye anayekaa na Mama, pale Riverside, karibu na mto. Sauti yake imekauka. Mama halali kwa maumivu, kwa hiyo naye halali. Nikamweleza habari ya Seneti, kwamba huenda nikachelewa kidogo. 

"Huyo mzungu unamwogesha kila siku," akasema. "Mama yako ulimshika mkono lini?"

Sijamshika. Tangu Krismasi ya mwaka juzi. Imeniuma mchana kutwa. Inauma hata sasa.

Nikapiga ofisini, kwenye kampuni yetu ya wahudumu wa wazee, nikaomba mtu wa kunishikia nafasi Jumatano. Wakamleta Wanjiru, Mkenya, aje ajaribu. Mikono mizuri, sauti ya chini, mtu wa kazi. Mzee alipoona ni yeye atakayemvua shati, alishika fremu ya mlango wa bafu kwa mikono yote miwili. Hakutukana. Aliogopa tu. Alinitazama kama mtoto aliyeachwa sokoni.

Angetukana ningeondoka na moyo mweupe.

Jumanne, 10 Machi

Nimemwambia Sadoki aje mchana badala ya asubuhi. Alikuwa kazini, ghalani kule Okolona, Louisville. Nilisikia mikanda ya mizigo ikinguruma nyuma yake.

"Kaka, Mama ni mmoja," akasema. Akakata.

Baadaye akaandika: atafika nje ya Seneti saa nane, na akikuta sijatoka anaondoka peke yake. Namfahamu Sadoki. Akisema kitu anafanya.

Diana amemfundisha baba yake sentensi mbili za shukrani. Mzee amezisema vizuri sana mbele ya kioo, kisha akauliza anazisema kwa nani. Suti ya kijivu inampwaya. Nimeikaza kiunoni kwa pini.

Nina hasira na kila mtu leo.

Jumatano, 11 Machi

Naandika garini. Sadoki anaendesha. Cleveland tumeiacha nyuma. Hajasema neno tangu Columbus.

Asubuhi, njiani kwenda mjini, nilimwambia Diana habari za Mama. Hatimaye. Akafunga macho. "Ungeniambia Jumapili," akasema. Kweli. Lakini tulikuwa tumeshafika.

Askari wa mlangoni, mtu mzima, alimtambua Mzee mara moja. "Karibu nyumbani, Seneta." Mzee akanyooka mgongo. Sijawahi kumwona amenyooka vile. Tukakalishwa ndani ya ukumbi wenyewe, pembeni mwa meza za maseneta, kwa sababu ya kigari chake cha kutembelea, kile cha kushika na kusukuma.

Mwenyekiti, mama mwenye nywele nyeupe, akagonga nyundo ndogo ya mbao. Wote wakasimama. Mchungaji akaomba sala fupi, ya haraka. Kiapo kwa bendera Mzee alikisema chote, bila kukosa neno. Karani akasoma yaliyofanyika katika kikao kilichopita. Hakuna aliyesikiliza isipokuwa Mzee. Kisha wageni: mabinti wa shule fulani walioshinda mieleka. Maseneta wakawapungia mikono kama wazazi uwanjani. Nilidhani watu wa daraja hilo hawapungi mikono. Nilifurahi kidogo.

Halafu azimio lake.

Karani alisimama akasoma. Kwa kuwa alilitumikia jimbo hili. Kwa kuwa alisimamia ujenzi wa barabara. Kwa kuwa aliitetea shule ya viziwi wengine walipotaka kuifunga. Kila aya inaanza na "kwa kuwa". Sikuwa nikijua habari ya shule. Miaka miwili namfunga viatu na sikuwa nikijua. Nilikuwa bado nafikiria hilo nilipoona suruali yake.

Pampasi ilikuwa imezidiwa. Suti ya kijivu haifichi maji. Doa lilikuwa limeshuka mpaka gotini.

Diana aliona saa hiyohiyo. Uso wake ukabomoka.

Mwenyekiti akamwita Mzee. Ukumbi mzima ukasimama, makofi. Mkono wa Mzee ulikuwa tayari kwenye kigari. Nikamwinamia sikioni.

"Mzee, pokea ukiwa umekaa."

"Hapa mtu husema akiwa amesimama," akanijibu, na akainuka.

Nikavua koti langu. Nikalitundika mbele ya kigari, kama mtu aliyebeba tu koti la mwenzake. Likafunika mbele. Nyuma bado kulikuwa wazi, na nyuma yetu zilikuwa meza mbili za maseneta.  Sijawahi kumwombea mtu asiye ndugu yangu namna ile. Mungu, asicheke mtu. Mmoja tu asicheke.

Hapo seneta mmoja, mnene, tai nyekundu, akaondoka mezani kwake. Alikuwa ameona. Akaja akasimama nyuma ya Mzee, karibu kabisa, akamwekea mkono begani. Akabaki hapo. Hakunitazama, hakunong'ona, alikuwa akimtazama mwenyekiti kama vile hapo ndipo mahali pake pa kila siku. Baadaye Diana aliniambia kwamba huyo ni wa chama kingine, na kwamba yeye na Mzee waligombana miaka yote waliyokaa ndani ya ukumbi ule.

Mzee akapewa kipaza sauti.  Midomo ya Diana ilikuwa ikicheza, ikimpa ile sentensi ya kwanza. Mzee hakumwona. Alikuwa anaangalia meza, moja baada ya nyingine.

"Mmenitendea vizuri," akasema. "Nilikuwa na maneno na nimeyasahau. Nadhani yalikuwa asante. Haya, rudini kazini."

Wakacheka, lakini kwa upendo. Makofi hayakutaka kuisha. Nilimkalisha, nikamfunika magoti kwa koti, nikamwambia twende.

Akakataa.

"Kuna kura."

"Baba, tafadhali," Diana akasema.

"Mtu haondoki kabla ya kura."

Ilikuwa imeshapita saa nane. Simu ilitetemeka mfukoni mwangu. Sadoki. Ikatetemeka tena. Muswada wenyewe ulikuwa wa mitaro ya maji mashambani. Nani aisafishe baada ya mafuriko, mwenye shamba au serikali ya wilaya. Wakauliza, wakajibiwa, wakauliza tena. Mzee amelowa na ana furaha. Mimi nina hasira: na yeye, na mitaro, na Seneti yote, na mdomo wangu uliosema sawa. Nikafikiria kumnyanyua kwa nguvu. Ningeweza, ni mwepesi sasa. Sikumnyanyua. Nilikaa.

Kura ikapigwa kwa kuita majina. Karani anaita, seneta anajibu. Mzee alikuwa akifuata kwa midomo. Walipokaribia herufi ya jina la ukoo wake akajiweka sawa kwenye kiti na kusafisha koo. Karani akaita jina la kabla ya lake. Kisha akaita la baada yake.

Mzee akanigeukia.

"Hawakuniita."

"Umestaafu, Mzee."

Akafikiri. "Muda mrefu?"

"Muda mrefu."

"Basi twende."

Nilimbadilisha chooni. Alishika chuma cha ukutani, akaniachia nifanye. Diana alikuwa nje ya mlango. Mara analia, mara nasikia anacheka. Tulipotoka akanirudishia koti langu na kunikumbatia, jambo ambalo hajawahi kufanya.

"Mimi nitampeleka nyumbani," akasema. "Nenda kwa mama yako. Nenda sasa."

Sadoki alikuwa nje, taa za tahadhari zinawaka, mikono kwenye usukani. Hakuwa ameondoka. Hakunisalimia pia.

Nimesimamisha kuandika kidogo. Sadoki amenisukumia mfuko wa sambusa za mke wake. Bado hajaongea. Nimekula tatu.

Alhamisi, 12 Machi

Tulifika Mama ameshalala. Meza ilikuwa bado imeandaliwa, sahani nne, wali umefunikwa. Konsolata akasema Mama alikataa kula bila sisi, kisha dawa zikamlaza. Hivyo chakula kile hatukula pamoja, na sala ya jioni hatukusali. Hilo limepita na halirudi. Sitajidanganya kwamba si kitu.

Tulisali hospitalini asubuhi, tumezunguka kitanda, muuguzi akitungoja. Mama alinitazama.

"Umechelewa."

"Ndiyo, Mama."

"Huyo mzee wako alifika nyumbani salama?"

Sikutegemea. Nikasema alifika. Akaitikia kwa kichwa, wakamsukuma na kitanda chake kwenda kupasuliwa.

Walisema atatoka kabla ya mchana. Mchana ukapita. Hakuna aliyekuja. Sadoki alitembea kutoka dirishani hadi mlangoni na kurudi. Konsolata alikaa na mkoba wa Mama mapajani. Nilifikiri: kama nimebadilisha jioni ya mwisho ya Mama kwa mitaro ya maji, nitaishije? Sikuwahi kuogopa hivyo, hata tulipokimbia vita kwetu tukavuka kuingia Tanzania. Wakati ule nilikuwa mgongoni kwa Mama.

Daktari akaja. Presha ilishuka, wakalazimika kusubiri, kisha wakaendelea. Yuko salama. Sadoki akakaa chini, sakafuni, akajifunika uso. Nikakaa karibu naye.

"Nilikukasirikia," akasema.

"Najua."

"Bado."

"Najua."

Akaegemeza kichwa begani kwangu.

Ijumaa, 13 Machi

Mama amesimama. Hatua chache tu, akitukana kwa Kirundi. Muuguzi akauliza anasema nini. Konsolata akasema anamshukuru.

Diana ameandika. Mzee anakula vizuri, Wanjiru yuko naye, Mzee ameniulizia mara moja tu. Nimefurahi. Imenichoma kidogo pia.

Nimepiga ofisini, nimewaambia nitakaa huku mpaka Pasaka. Wakasema hawawezi kunihakikishia kwamba nitarudishwa kwa Mzee Walter. Nikasema nimeelewa. Nilikaa kwenye ngazi za hospitali muda, kisha nikarudi ndani.

Jumapili, 15 Machi

Mama yuko nyumbani. Theluji imeanguka tena Riverside, nyepesi. Sadoki ameondoka kwenda Louisville baada ya ibada, ana shifti kesho. Konsolata amelala tangu mchana, mlango wazi, viatu bado miguuni.

Mama aliomba nimkate kucha za miguu. Hajaweza kuzifikia tangu nyonga ilipoharibika, na hakutaka kumwongezea Konsolata kazi. Nikaleta beseni la maji ya moto. Kucha ni ngumu, lazima zilowe kwanza. Alinisimulia habari za jirani mwenye mbwa. Katikati ya habari akasinzia, mguu wake mkononi mwangu.

Maji yamepoa. Sijauachia.