Ng'ombe wa Duba

Malindi,
14 Novemba 1999

Mdogo wangu Gumato,

Assalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na Baba na Mama, na goti la Mama liwe limeacha kumsumbua akichutama kukamua. Mimi sijambo, ila joto la huku halina adabu na kazi ni ile ile. Barua nampa Mwalimu Laban wa kijiji cha Wema, anayerudi nyumbani kesho, na nimemsisitizia aitie mkononi mwako mwenyewe. Sikutaka kuipitisha kwenye sanduku la duka. Barua za sanduku lile tunazijua, hufika zimeshasomwa, na mwenye duka hukupa pole au hongera kabla hujafungua bahasha.

Barua yako niliipata Jumatatu. Umeniandikia kwamba Shurie amerudi, kwamba sasa anakuja Minjila kila Ijumaa na sukari na leso mpya, na kwamba anataka nikaha ifungwe kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Umeandika kwa furaha hata mwandiko umepinda, na umeniomba nifurahi pamoja nawe. Ningependa sana. Lakini mimi ni dada yako mkubwa na kuna jambo nalijua, na nikilinyamazia hadi baada ya harusi hutanisamehe. Basi soma polepole, na usikasirike kabla ya kufika mwisho.

Unakumbuka mwenyewe mambo yalivyokuwa. Shurie alikuposa kabla ya mvua za El Niño. Mafuriko yakaja, homa ikafuata ikafagia mifugo, watu wakaanza kusema baba yetu, Mzee Wako, amekwisha, na Shurie akapotea. Mwaka mzima na zaidi akikutana nasi Garsen alikuwa akisalimia huku anatembea, kama mtu aliyechelewa basi. Ulilia sana wakati ule. Mimi nilisema afadhali, nawe hukunisemesha siku kadhaa, na nilistahili.

Sasa nikueleze ya huku. Ofisi yetu uliiona ulipokuja: chumba kimoja, simu, faksi, mashine ya fotokopi, na kompyuta moja ambayo tangu mwanzo wa mwaka imeunganishwa na mtandao. Watalii huja kuandikia kwao, na wenyeji huja kutazama watalii wakiandika. Mwezi wa nane Baba alikuja Malindi kupimwa macho, akapita kunisalimia. Alikuwa amesikia kwenye mkutano wa mifugo kwamba huko Uingereza kuna kampuni inayokatia bima mifugo popote ilipo, na kwamba mtu anaweza kuuliza kwa kompyuta na kujibiwa. Akaniuliza kama mashine yetu inaweza kuuliza.

Nilivuta kiti nikakaa tayari kumwandikia. Akanitazama, kisha akanituma nikamnunulie chai. Alisema mambo ya zizi hayasemwi mbele ya mtoto wa mwenye zizi. Kazi hiyo akaifanya mwenzangu Rosina, ambaye Baba alikuwa amemjua tangu saa sita mchana. Unamjua baba yetu. Amefikisha umri huu na hakuna mtu, hata Mama, aliyewahi kusikia kinywani mwake idadi ya ng'ombe wake. Ofisa wa serikali akiuliza, hujibu kwamba wapo wapo tu. Nasi hatukuwahi kujua yupi yuko zizini kwetu na yupi yuko kwa rafiki gani. Lakini siku ile nilirudi na chai nikamkuta anatabasamu, amemaliza, na Rosina ananiambia kwamba mzee wangu ni mteja mzuri, amejibu kila swali bila kusita. Nilidhani Baba ameona kwamba mashine si mtu na haina jicho la kudhuru mali ya mwingine. Niliona ni busara, na sikuuliza zaidi.

Baada ya wiki kama mbili, Shurie akaingia. Hakujua kwamba ninafanya kazi pale, na aliponiona alisalimia kwa aibu kidogo. Alitaka bima ya mbuzi anaowapakia kwenye lori kupeleka Mombasa. Rosina akamwambia ana bahati, ukurasa wa kampuni ya namna hiyo anaujua, akamfungulia, akamwachia kiti. Mimi nilikuwa kwenye fotokopi, nimempa mgongo, na sikutaka mazungumzo. Alikaa mbele ya kompyuta muda mrefu. Kisha akainuka, akasema amebadili mawazo, akalipa na kuondoka. Habari ya mbuzi hakuitaja tena.

Nilipokwenda kuufunga ule ukurasa nikaona ulikuwa unasema, kwa Kiingereza cha heshima, karibu tena Bwana Wako wa Minjila. Chini yake majibu yote ya Baba yalikuwa yamepangwa safi: ng'ombe wangapi, wangapi majike, wangapi wako kwake na wangapi wako kwa rafiki yake Duba upande wa Kipini, na kwamba warithi wake ni mke na mabinti wawili. Idadi sitaiandika hapa, Baba asije akanilaani. Itoshe kwamba nilivuta kiti nikakaa. Ng'ombe walio kwa Duba nilikuwa sijawahi kusikia kwamba wapo.

Nilimwuliza Nzai, fundi anayekuja kutoka Mombasa kututengenezea mashine, imekuwaje kompyuta ikamwita Shurie kwa jina la Baba. Alicheka, kisha akanieleza vizuri. Alisema kurasa nyingi siku hizi zikishatembelewa huacha alama ndani ya kompyuta, kama sisi tunavyokata sikio la ndama ili tumjue popote tutakapomkuta. Ukirudi, ukurasa unaiona alama na kukupokea kama mwenyeji. Shida ni kwamba sikio lililokatwa ni la kompyuta, si la mtu. Anayekaa kwenye kiti kile, awe nani, ukurasa unamhesabu ni Baba.

Nzai akanionyesha na jingine. Ukurasa ule ulikuwa na kisanduku cha kukubali kwamba kampuni iwape majibu yako washirika wake, na kisanduku kilikuwa kimeshatiwa tiki kabla hatujafika. Rosina hakukiona. Ndiyo maana tangu siku ile matangazo ya dawa ya minyoo ya ng'ombe yalikuwa yakitufuata kila tulikogeuka. Rosina anatafuta gauni la harusi ya binamu yake, pembeni anaona fahali. Hata kwenye anwani yetu ya barua pepe zilianza kuja barua za Bwana Wako kutoka kwa watu tusiowajua, mmoja anamuuzia trekta, mwingine anataka kumpangia mazishi. Tulicheka mpaka siku niliyokaa nikafikiri kwamba wote hao wanajua kuhusu zizi la baba yangu jambo ambalo mimi mwanawe sikulijua. Hapo nilikasirika kweli, Gumato. Nilijiona kama nimeacha mlango wa nyumba yetu wazi.

Nzai akaifuta alama mle ndani ya kompyuta. Mimi nikaiandikia kampuni, nikawaambia waondoe habari za mzee huyu kwenye mashine zao na wawaambie hao washirika wao vivyo hivyo. Walijibu kwa adabu. Walisema kwa sheria ya kwao mtu ana haki ya kudai aonyeshwe yote wanayoyaweka kumhusu, na wako tayari kuyafuta, lakini haki hiyo ni ya mwenyewe. Binti haombi kwa niaba ya baba. Niwapelekee ombi lenye sahihi yake au dole gumba lake, kwa faksi. Sikuwapenda, lakini kwa hilo niliona wana haki.

Nikaandaa karatasi, nikamngoja Baba aje kuchukua miwani yake. Muda wote huo habari ya Shurie sikuiweka moyoni. Nilijua ameona, lakini nilidhani ameshatoka katika maisha yetu, na mtu akijua mali ya asiyemhusu itamfaa nini. Sikujua kwamba amerudi kwenu hadi barua yako ilipofika. Niliisoma mara ya kwanza nikafurahi, nakuapia. Mara ya pili nikafika pale ulipoandika kwamba Shurie amebadilika, ana moyo wa huruma, hata mifugo yetu anaijali, na kwamba Ijumaa iliyopita alikuuliza wale ng'ombe wa Duba wanaendeleaje. Wewe ukamjibu kwamba huwajui. Uliniandikia hilo kama ushahidi wa mapenzi.

Gumato, nani alimwambia kwamba kwa Duba kuna ng'ombe wa Baba? Si wewe, hukuwa unajua. Si Mama wala Duba, ambaye miaka hii hasogei Garsen. Shurie aliwasoma kwenye kiti changu cha kazi.

Sitaki kumtia mtu maneno mdomoni. Huenda alikuwa anakuwaza muda wote na ukurasa ule ulimkumbusha tu. Lakini hesabu yake naiona, kwa sababu ningekuwa na tamaa ningepiga hiyo hiyo: mzee wa makamo yale, hana mtoto wa kiume, ana mabinti wawili, mmoja yuko Malindi anapiga fotokopi na mwingine yuko nyumbani ameposwa tayari. Na kila mtu anadhani mzee amekwisha, kasoro yeye.

Baba alikuja Alhamisi. Nilimkalisha ofisini, Rosina akatoka kwa heshima, nikamweleza yote: alama, tiki, barua za trekta, na mwisho Shurie. Nilikuwa namwambia baba yangu kwamba siri aliyoilinda maisha yake yote ilisomwa na mkwe. Nilimwomba radhi. Nikamwambia nilielewa kwa nini aliiambia mashine, kwa kuwa mashine haina jicho.

Kisha akaniuliza kama nilidhani kweli angemtajia mtu, au chuma, idadi ya ng'ombe walio hai.

Nilikuwa sijaelewa. Akanieleza taratibu, kama anavyosema na mtoto. Rosina alikuwa amemwambia kwamba bima ni mali ikipotea unalipwa. Basi yeye akataja mali iliyopotea. Wote wale aliowataja, wa Minjila na wa kwa Duba, ni waliokufa kwa mafuriko na homa. Wa kwa Duba walikufa wote ndani ya wiki moja, na yeye hakutuambia kwa sababu hakutaka Mama alie mara mbili. Walio hai, wale wachache mnaowakamua nyumbani, hakuwataja hata mmoja. Alisema aliyekufa anaweza kuhesabiwa na yeyote, jicho halina la kumfanya tena. Ndiyo maana alijibu bila kusita. Ilikuwa mara ya kwanza kuwasema wote kwa sauti, na Rosina alikuwa anasikiliza vizuri.

Halafu akaanza kunitajia mimi kwa rangi zao, yule mweusi wa paji jeupe, yule wa kijivu aliyekuwa akikufuata wewe hadi mtoni, na akafika mahali akashindwa, akafuta uso kwa ncha ya kilemba. Sijawahi kumwona hivyo. Nilimshika mkono, nikalia pamoja naye, tukaacha simu iite.

Alipotulia aliuliza tena Shurie alisoma nini hasa. Nikamwambia. Alifikiri kidogo, kisha akacheka, kicheko kile cha zamani ambacho hatujakisikia tangu maji yalipopanda. Alisema kijana wa watu anafanya haraka ya kuoa mifupa. Akaweka dole gumba kwenye karatasi, nami nikaipeleka kwa faksi mbele ya macho yake.

Nilimwuliza kama akirudi nyumbani ataivunja posa. Alikataa. Alisema yeye hana ugomvi na Shurie, kwa kuwa kuuliza bima si kosa, na mwenye kuolewa ndiye mwenye kuamua. Ila amekupa ruhusa ya kusema habari za Duba. Hajazisema mwenyewe nyumbani kwa sababu ya Mama. Atamwambia Mama jioni Mwalimu Laban atakapofika, kwa hiyo ukimwona Mama ana huzuni, usiulize, kaa naye tu.

Nami sikuambii olewa wala usiolewe. Najua unampenda, na najua kwamba nilikuwa sina huruma mara ya kwanza. Ninachokuomba ni kidogo. Shurie hawezi kwenda kwa Duba kuhakikisha, maana mkwe akionekana anahesabu ng'ombe wa mkwewe atachekwa toka Wema hadi Kipini. Anategemea jibu lako. Basi Ijumaa akija, mjibu alilokuuliza. Mwambie umeshapata habari za ng'ombe wa Duba, kwamba walikufa wote wakati wa homa na hakuna aliyebaki. Usimwambie umejuaje. Kisha mmiminie chai, ukae, utazame kama ataimaliza.

Akiimaliza, na Ijumaa inayofuata akarudi, niandikie upesi. Nitaomba ruhusa kazini, nitakuja na hina na zile khanga mbili nilizokuwekea, na nitamwomba Shurie msamaha mbele ya watu wote.

Msalimie Mama, umkande goti usiku. Msalimie na Baba, mwambie miwani aivae, isikae mfukoni. Rosina anakusalimu, na anasema gauni alilipata.

Ni mimi dada yako anayekupenda,
Bishara Wako

Ukimaliza kusoma, itumie karatasi hii kuwashia moto wa chai ya Ijumaa.