Mtoto Wako Hakunyimwa Chakula

Kijiji cha Tlawi,
S.L.P. Mbulu.
14 Septemba 1975

Mpendwa mjukuu wangu Basili,

Mwaka na miezi minne hujaonekana. Huo mkonge wa Kilosa umekuoa? Ulimwacha mkeo Efrazia na mimba, sasa mwanao Patriki ana miezi kumi na sura yake huijui. Ni aibu.

U mzima lakini? Kile kifua kimepona? Mimi magoti yananiuma, mengine ni afadhali. Mahindi ni haba.

Barua hii nimeiandika siku tatu, kwa herufi za kisomo cha watu wazima. Sikutaka mtu mwingine aandike niliyomtendea mke wako.

Patriki hachezeshi miguu. Hajanipiga teke hata moja nikimpakata. Shingo inalala kama ya kifaranga kilichonyeshewa. Macho ndiyo mazima, yanakufuata nyumba nzima, na anacheka.

Mama wa afya alipotufundisha kwamba protini hujenga mwili, nikaamini Efrazia anamnyima. Nikamwambia bombani, wanawake wote wakisikia, "Mayai unakula wewe, ndiyo maana mashavu yanang'aa." Akajibu tu, "Bibi, hana nguvu ya kumeza." Nikamnyang'anya mtoto. Nikamlisha mayai, maziwa, maharage ya kupondwa, kwa nguvu, mpaka akapaliwa na midomo ikawa ya bluu.

Tukapanda basi hadi hospitali ya Haydom. Daktari alimpima siku nne. Akasema, "Bibi, huyu hana njaa. Mishipa ya fahamu inayotoka kwenye uti wa mgongo kwenda miguuni inakufa." Nikamwuliza nichinje mnyama gani. Akasema anachokosa mtoto hakimo katika nyama yoyote. Wanadhani ni kitu ambacho mwili wenyewe hukitengeneza kulisha mishipa hiyo, na Patriki alikikosa tangu tumboni. Ugonjwa umetoka kwako na kwa Efrazia, nusu kwa nusu, bila kosa la mtu. Dawa haipo. Kifua nacho kinalegea. Huenda asiione masika.

Basili, kabla ya kumzaa baba yako nilizika watoto wangu wawili waliolala hivyo hivyo. Sikuwahi kukuambia. Mama mkwe wangu alisema niliwanyima maziwa. Neno hilo nililijua linavyochoma, na bado nikamtupia mke wako.

Nimemwomba msamaha, palepale bombani. Chakula ananipikia, usoni hanitazami.

Shangazi yako Letisia na mumewe Eliakimu wanakusalimu. Nisalimie Isidori mnayeishi naye. Mungu akutangulie njiani.

Omba ruhusa leo hii. Ukifika usianze kuja kunipa shikamoo, mimi nitangoja. Pita mlango wangu, ingia kwa Efrazia, umwambie hakukosa. Kisha mpokee mwanao, mkono mmoja uwe chini ya shingo.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye hata nikikugombeza,
Ludovika