Kijiti Kilichochomoka Kizima

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa katika kituo cha polisi, Doha, usiku wa tarehe 14 Novemba 2025, kupitia mkalimani.

Jina: Edith Kawira
Umri: Miaka 23
Uraia: Mkenya
Kazi: Mwanafunzi wa udaktari wa meno, mwaka wa nne
Makazi: Najma

Leo Ijumaa, tarehe 14 Novemba 2025, yapata saa nane mchana, nilikuwa chumbani kwa majirani zangu, Bw. Cyrus Mutai, dereva, na mkewe Roselyne Jeptoo, muuguzi. Mimi huwaita Shemeji na Dada Rose. Shemeji alikuwa amechoma mahindi kwenye jiko la gesi, jambo ambalo mwenye nyumba amelikataza. Dada Rose alimwambia, "Mutai, hili umeliunguza upande mmoja." Akajibu, "Basi kula upande wa pili, mheshimiwa." Tukacheka.

Dada Rose aliuma hindi kwa meno ya mbele. Jino la juu, lililowekewa taji, yaani kofia ya jino bandia, wiki tatu zilizopita, lilichomoka. Akajing'ata mdomo, damu ikatapakaa kwenye blauzi, akapiga yowe. Shemeji alimshika kichwa kwa mikono miwili akisema, "Fungua nione, Rose. Fungua nione." Jirani aliyesukuma mlango aliona hilo tu, akawaita polisi.

Shemeji alipopekuliwa alikutwa na jino mfukoni, limefungwa kwenye leso. Afisa ameniambia huo ni ushahidi uliofichwa. Nilikuwepo alipolifunga. Alisema, "Daktari atalirudisha."

Nimeelezwa kwamba Dada Rose ameyasema haya na hakuaminiwa, kwa kuwa wake huwakingia kifua waume zao. Ni kweli, wengi hufanya hivyo. Naomba iandikwe kwamba chuoni nimesimama mbele ya kadamnasi kuwatetea wanawake wanaopigwa na kunyamazishwa, na nitasimama tena. Lakini anayemwamini mwanamke anaposema amepigwa, kwa haki gani anamkanusha anaposema hakupigwa? Afisa aliniagiza nijibu nilichoulizwa. Najibu.

Nimeonyeshwa jino hilo hapa mezani. Chini ya taji kuna kijiti cha nyuzi za kioo, ambacho hugandishwa kwa gundi ndani ya mzizi ili kulibeba taji. Ngumi ingekivunja kijiti au kuupasua mzizi. Kijiti hiki kimechomoka kizima, na gundi yake ni laini, ukucha unazama. Haikuwahi kukauka. Mimi bado ni mwanafunzi. Aitwe daktari aliyekiweka, naye apime.

Afisa aliuliza kwa nini haikukauka.

Usiku wa kuamkia siku ya kuwekewa kijiti, kizibo cha muda cha tundu la jino kilidondoka na jino likamuuma Dada Rose kupita kiasi. Shemeji alizunguka duka kwa duka mtaani akitafuta mafuta ya karafuu, akachovya pamba, akaliziba tundu, akakaa amemshikia shavu mpaka alfajiri. Mafuta hayo huzuia gundi ya namna hii isigande. Kwa daktari hawakuyataja, maana kwetu karafuu si dawa ya kutajiwa daktari. Ni kitu cha jikoni. Haya nimeyajua leo kliniki, Dada Rose alipokuwa akishonwa mdomo. Nilipomweleza maana yake, aliniandikia kwenye simu: "Mutai asijue. Atajilaumu maisha yake yote."

Kama kuna sheria inayomhukumu mume kwa kukesha akimtuliza mkewe, na asomewe hiyo. Kumpiga, hakumpiga.

Nimesomewa maelezo haya kwa Kiswahili, nami nayasimamia yote.

Sahihi: E. Kawira

Maelezo ya afisa: Daktari wa meno amelikagua jino na kuthibitisha kwamba gundi haikuganda. Bw. Cyrus Mutai ameachiliwa bila mashtaka. Shahidi aliomba sehemu inayohusu karafuu isisomwe mbele ya Bw. Mutai, ombi limekubaliwa. Bw. Mutai aliuliza jino la mkewe lilitokaje. Nilimwambia sijui.