Mwanza Niliyoikataa

Songea, Jumamosi, 12 Julai. Baridi.

Baridi ya leo ni ile ya kunawa uso kwa vidole viwili. Nimevaa sweta mbili na bado natetemeka, ingawa nadhani nusu ya kutetemeka huku ni hasira. Ni saa tisa alasiri na nimeshafunga kazi. Wateja watanisamehe. Wasiponisamehe, shauri yao.

Gaudensia amenisaliti.

Nimeandika, nimefuta, nimeandika tena. Acha ibaki hivyo.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni fundi cherehani, nina miaka ishirini na sita, na Gaudensia ni rafiki yangu tangu kidato cha kwanza. Tuna kibaraza kimoja mtaa wa Mfaranyaki, cherehani mbili zinazotazamana, na kwa mwaka mzima tulikuwa na mradi mmoja wa siri: kuchagua mji mkubwa wa kwenda kuishi, sisi wawili.

Tulichagua kama mteja mbishi anavyochagua kitambaa. Kila aliyerudi likizo kutoka mjini tulimhoji huku tukimpima kiuno. Chumba unapangaje, maji yanatoka siku ngapi, watu wa huko wanashonesha au wananunua mitumba tu, ukiugua nani anajua. Dar tuliitoa mapema, maana kila nyumba hapa ina mtu aliyekwenda Dar na hakuna anayeeleza vizuri anafanya nini. Arusha ni baridi, na ya kwetu inatutosha. Mbeya ni karibu mno, ukikohoa kule mama anakusikia nyumbani kwetu Mshangano. Zikabaki Mwanza na Dodoma.

Mimi nilitaka Mwanza.

Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, ana ofisi ya kushona kule. Ana cherehani moja isiyo na mtu, na chumba cha uani. Aliniambia mara mbili, njoo. Na tusidanganyane, yale maswali ya maji na kodi ni mapambo. Sisi vijana wa huku tunachagua mji kwa swali moja tu: utafikia kwa nani? Mwenye kaka Mbeya atakwambia anapenda hewa ya Mbeya. Mwenye shangazi Dar atakwambia anapenda joto.

Gaudensia hana mtu popote. Kwao ni Namtumbo, ukoo mzima ni tumbaku na mahindi, na aliyefika mbali kuliko wote ni yeye, hapa Songea.

Mwezi wa tano akaanza kuipiga vita Mwanza. Alianza polepole, kwamba ni mbali, kwamba msiba ukitokea nyumbani nitafika watu wameshamaliza matanga. Kisha akanigusa pale panapouma. Akasema kuishi kwa ndugu ni kuishi na masharti, na kwamba nitakuwa dada wa kazi mwenye cherehani. Dodoma kuna ofisi nyingi, akasema, watu wa suti na sare, na tutakuwa huru, chumba chetu, funguo zetu. Nilicheka, nikabisha, nikalainika. Yule msichana anajua kushawishi. Ndiye aliyekuwa akiwafanya wateja wakubali sketi iliyobana kwamba ndivyo mtindo ulivyo.

Mwezi wa sita nikampigia Mama mdogo, nikamwambia siendi. Akasema sawa mwanangu. Hakuuliza sababu. Nilidhani ameumia. Mama nilipomwambia nahamia Dodoma, akakubali bila kubisha.

Tukapanga Gaudensia atangulie Dodoma kutafuta chumba, nami nimalize sare za kwaya ndipo nimfuate. Leo asubuhi nikaenda kumsindikiza stendi. Alikuwa amepakia mizigo kwenye basi la Mwanza, na hilo halikunishtua, kwa sababu basi la Mwanza linapita Dodoma. Nilikuwa nimemnunulia hata karanga.

Utingo alikuwa akipanga mizigo kwa vituo. Ya Iringa huku, ya Dodoma pale, ya Mwanza ndani kabisa. Akainua kiroba cha unga, akauliza ni cha nani hiki cha Mwanza. Utingo akamtazama Gaudensia akasema, si chako dada, na wewe tiketi yako si ya Mwanza?

Nikakitazama kile kiroba. Mdomo wake ulikuwa umeshonwa kwa uzi mwekundu, mishono mirefu ya kuvuka, uzi niliobakiwa nao kwenye sketi za shule.

Mshono ule ni wangu.

Alhamisi mama aliniletea kiroba hicho na sindano ya gunia, akaniomba nikishone mdomo. Alisema ni unga wa kupeleka msibani. Kwetu mtu hapokelewi mjini mikono mitupu. Anayekwenda kukaa kwa watu hubeba unga na maharage kutoka kwa ndugu wa mwenyeji, na mwenyeji akiuona anajua huyu mgeni ametumwa na nani. Mama alikuwa anamtambulisha Gaudensia kwa mdogo wake, na mkono aliotumia ni wangu.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kumwambia fundi nguo maneno hayo ni ukatili.

Nilimuuliza Gaudensia swali moja, tangu lini. Alikuwa anatazama matairi ya basi.

"Mama yako ndiye aliyeniomba," akasema. "Nenda kamuulize. Mimi sikuwa na pa kwenda, na wewe unajua."

Kisha akapanda. Karanga akazichukua.

Nilipanda bodaboda hadi Mshangano. Mama alikuwa uani anapukuchua mahindi. Nilifikiria kumnyima shikamoo, nikashindwa, mdomo ukatoa wenyewe. Akaitika marahaba, akaona uso wangu, akajua. Mama yangu akikasirika huhamia kwenye Kingoni. Leo alibaki kwenye Kiswahili kilichonyooka, na hapo nikajua kwamba maneno hayo alishayaandaa.

Alinieleza bila kuficha. Ndiye aliyemwomba Gaudensia anitoe Mwanza kichwani. Ndiye aliyempigia mdogo wake akamwambia nimepata mchumba, siendi tena, ampokee rafiki yangu badala yangu. Mchumba! Nilimkumbusha kwamba mimi ndiye mwanaye. Akasema ndiyo sababu. Baba alishatutoka, kaka zangu wawili wako Dar na Arusha, na Krismasi tatu zimepita hatujaona hata kivuli chao, simu zenyewe hawapokei.

Nikamuuliza, kama hakutaka niondoke, kwa nini Dodoma alikubali.

"Mwanza ungekaa," akasema. "Dodoma huna mtu. Ungehangaika miezi miwili, ungerudi."

Alisema kwa upole. Afadhali angenipiga.

Nimekaa na maneno hayo tangu asubuhi. Gaudensia naweza kumwelewa, ingawa sitamsamehe leo wala wiki hii. Alikuwa na njaa ya mahali pa kufikia, akaona sahani yangu. Lakini mama alikaa akatafuta mji ambao mwanaye atashindwa, akahakikisha naupenda. Na yale yote niliyodhani ni hoja zangu, ofisi, suti, uhuru, yalikuwa yamepikwa na kuletwa kibarazani na mtu niliyekuwa nagawana naye chai.

Nikiri jambo jingine, kwa kuwa hapa hakuna anayenijua. Nilifikiria kumpigia Mama mdogo nimweleze ukweli, Gaudensia arudishwe kutoka njiani. Namba nimeitazama mara nne. Sijapiga. Nadhani ningepiga ningelia, na Mama mdogo angetuonea huruma wote wawili, cherehani ni moja.

Naogopa pia. Mama amenipima tangu nikiwa mchanga, na huenda kipimo chake ni sahihi. Labda kweli nitarudi baada ya miezi miwili na begi lilelile, na yeye atanipikia bila kuniuliza kitu, na huko kutouliza ndiko kutakakoniua.

Nilimwambia pale pale uani kwamba sare za kwaya nitazimaliza Jumatano, na Ijumaa nasafiri. Akauliza wapi. Nikasema Dodoma. Punje za mahindi zikaacha kudondoka.

"Utafikia kwa nani?"

"Kwangu," nikamjibu.

Akarudi kwenye mahindi yake. Jumatatu nitakata tiketi. Hata mtaa siujui.