Nakala ya Kumi na Mbili

Mpendwa kaka Barasa,

Kuna jambo ulikufa bila kulijua, nami nimechoka kulibeba peke yangu.

Unakumbuka chumba chetu pale Kanamkemer, hapa Lodwar, wewe karani wa ujenzi, mimi mwalimu wa darasa la pili? Ukitoka kazini ulichonga picha kwenye vipande vya mpira wa sakafu vilivyobaki ofisini, kwa waya wa mwavuli uliokuwa umeutia makali. Kisha ulipaka wino wa mashine ya kurudufu ya shule, ukalaza karatasi, ukasugua kwa mgongo wa kijiko. Wabeba kuni, wavunja kokoto, wachoma makaa. Watu ambao hakuna aliyewahi kuwapiga picha. Nakala kumi na mbili tu za kila picha, kila moja na namba yake ya penseli, halafu uliukata mpira wenyewe kwa kisu, toka pembe hadi pembe, isije ikatoka ya kumi na tatu. Mimi nilinuna. Wewe ulicheka, ukasema kitu kisichokwisha hakuna anayekitunza.

Nilikuamini kupita kiasi. Uliniachia kazi ya kuziuza, na kila picha nilificha nakala ya mwisho, nikailipia mwenyewe kimya kimya. Nilizifunga kwa gazeti, nikazitia sanduku la bati chini ya kitanda, mchwa wasizifikie. Yule mwalimu Mzungu wa shuleni kwangu, mpenda picha, alikuwa ameniambia seti kamili ya picha zako itakuja kuwa mali, na ikikosekana hata moja, basi tena. Maneno hayo yaligoma kunitoka kichwani.

Ndipo ulipokwenda Kakuma na gari la kazi, ukarudi na picha ya wachimba kisima. Watatu shimoni, kijana Ekai mbele, uso juu, anamcheka mvuta kamba. Nakala zake ziliisha upesi kuliko zote. Haikupita miezi mingi kisima kikaporomoka. Ekai alipotolewa maiti walimfunika uso uliopondeka, hata mama yake hawakumruhusu amwone.

Mama huyo alidandia lori hadi kwetu. "Ejok," alisalimu, akakaa chini mlangoni. Alikuwa amesikia kuna karatasi iko na Ekai.

"Nataka sura ya mtoto yangu. Hiyo tu."

Ulinigeukia ukaniuliza kama imebaki hata moja. Nami, kaka, nikasema zimeisha zote. Sanduku lilikuwa hatua mbili kutoka alipokaa.

Ulitafuta ule mpira uliokuwa umeukata, ukaupaka wino. Picha ilitoka na mstari mweupe umepita kwenye jicho na mdomo wa Ekai. Mama aliisogeza mwangani.

"Kwa nini umekata yeye?"

Aliichukua hivyo hivyo, akaondoka. Tangu siku hiyo hukuchonga tena. Malaria ilipokulaza ulikuwa bado unajilaumu, na mimi nakunywesha uji, nakwambia si kosa lako. Nilijua ni la nani. Nilijionea haya, lakini sikufungua mdomo.

Agosti hii, siku chache baada ya redio kutangaza kifo cha Mzee, rais wetu, nilipanda lori nikaenda Kakuma na nakala ya kumi na mbili. Nilitaka kumpigia mama yule magoti. Nikaambiwa amekwisha kuzikwa. Nilimkuta mtoto wa Ekai, msichana aliyezaliwa baada ya msiba, nikampa picha nikamwambia huyu ndiye baba yako.

Aliiangalia, akanirudishia. Aliingia ndani akatoka na ile uliyompa nyanya yake, imelainika kama kitambaa kwa kushikwashikwa.

"Baba ni huyu," alisema, kidole chake kikifuata ule mkato. "Huyo yako mimi sijui."

Nimerudi nayo Lodwar. Nimeifunga gazeti, nimeiweka pamoja na nyingine. Seti yangu imekamilika.

Pumzika, kaka, na usifanye haraka kunisamehe.

Mimi mdogo wako, uliyemwamini.