Seli Zinazonyimwa Chakula

4 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Naamini kidonda cha upasuaji hakikusumbui tena. Mgongo wa baba unasemaje? Mimi sijambo, ila kazi imenikaba koo.

Uliniuliza nafanya nini kutwa nzima maabara na hizo seli za saratani. Kila seli ina kitu kama kengele ya mlangoni. Ikibonyezwa, protini moja inampasha habari mwenzake, naye mwenzake, mpaka ndani kabisa, na amri inatoka: gawanyika. Kwenye saratani kengele imekwama, inalia tu. Natafuta pa kuinyamazishia. Lakini seli zikishiba zina kelele nyingi, hutambui ipi inasema nini. Kwa hiyo kabla ya jaribio tunazinyima chakula siku nzima. Zinatulia tuli, mama, utazipenda.

Mwezi ujao unaanza dawa. Kaza moyo.

Binti yako

29 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mgongo wa baba yako umepona tangu tuache kuuulizia.

Barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Miaka yote nimewapikia watoto wa shule, kumbe kushiba nako kuna ubaya wake. Basi nami nimeanza. Hao walio ndani yangu nawanyima. Asubuhi chai kavu, jioni vijiko viwili vya uji, imetosha. Sahani yangu namsogezea baba yako akigeukia redio. Amenenepa, anadhani ni mapenzi. Magauni yananipwaya, sijali. Dawa itawakuta wametulia tuli, kama ulivyosema. Daktari sijamwambia, asije akajidai wazo ni lake. Na siachi, unanijua.

Mama yako

5 Aprili

Mama,

Shikamoo. Kula. Soma neno hilo kwanza, mengine baadaye.

Nimekupigia simu hupokei, ndiyo maana barua hii inakuja na basi. Sikukueleza vizuri, na roho inaniuma. Seli zikinyimwa chakula hazifi zote. Nyingi zinatulia tu na kungoja. Wiki hii nimeziacha na njaa kupita kawaida, kwa ajili yako, kisha nikazipa tone moja. Sijakaa sawa kwenye kiti, zilishaanza kupashana habari. Na mwilini mwako saratani inajichotea kwanza. Anayebaki na njaa ni wewe.

Si heshima kukuamrisha, lakini kwenye jiko hili mpishi ni mimi. Mwambie daktari. Baba nimeshamwambia.

Binti yako

12 Aprili

Wewe,

Umenishtaki kwa baba yako. Sasa anakaa mbele ya sahani yangu akinikodolea macho kama askari wa zamu.

Daktari amenipima. Dawa ameiahirisha, eti mwili huu hautaibeba. Nisipoongezeka uzito hanipi. Nimelia ndani ya teksi, dereva akapunguza muziki.

Sikuwa mjinga, mwanangu. Tangu niugue kila mtu ananifanyia: huyu anachoma sindano, yule anakata, mwingine ananipangia tarehe. Nilitaka kitu kimoja nikifanye mwenyewe. Hiki kilikuwa changu, nawe umekichukua. Chakula hakipiti, nisikudanganye.

Mama yako

17 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo, na samahani.

Sikuchukulii kitu. Nakuomba unifanyie kazi moja: kula. Hata nikiipata protini ninayoitafuta, haitafika hospitalini kwenu mwaka huu wala ujao. Daktari dawa anayo, lakini amefungwa mikono. Baba anaweza kula sahani zote mbili, wala haisaidii. Katika sisi wote, mwenye kazi inayofaa kitu wiki hii ni wewe peke yako. Ni ngumu kuliko kufunga, najua. Ndiyo maana sikumwomba mtu mwingine.

Binti yako

6 Mei

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, pamoja na ile niliyokunyima mara iliyopita. Baba yako hajambo, ila gauni langu la bluu limeanza kunibana na ananicheka.

Nilipanda mizani na viatu. Muuguzi akanivua. Bado nikatosha. Dawa imeingia leo asubuhi.

Nimetapika chote. Nikapumzika kidogo, nikala. Nikatapika, nikala tena. Baba yako ndiye anayepika, na chumvi hajui kazi yake, lakini nameza.

Hao wako wa maabara wanyime. Mimi niache, sahani imeletwa.

Niko kazini,
Mama yako