Karani Alipouliza Jina Langu

Ofisi ya wakala wa serikali, Mwezi wa Cheri Nyeusi, 1889

Kaka Wasu Hota,

Hujambo? Shemeji na watoto hawajambo? Huku tunapumua, ila vumbi limetuchosha. Wajumbe wa serikali wanatuchinjia ng'ombe kila siku ili tukubali. Wanataka nusu ya nchi yetu wapewe wazungu walime. Robo tatu ya wanaume wakigusa kalamu ya karani, naye akaandika majina yao kuwa wamekubali, imekwisha. Watu wako wanakutazama wewe, mkuu wao. Njoo uguse, kabla hawajaleta askari.

Mdogo wako,
Magaju Luta

Kijito cha Mierebi, siku nne baadaye

Mdogo wangu,

Salamu zimefika, sote wazima. Wewe nasikia umenenepa. Hongera, nyama ya bure haina mfupa! Mimi sigusi kalamu. Mama amelala juu ya jukwaa lake la wafu hapa kijitoni, na ni wewe uliyemfunga blanketi. Umesahau? Waambie wajumbe wamalize ng'ombe wao wenyewe.

Kaka yako

Ofisi ya wakala, Mwezi wa Majani ya Manjano

Kaka,

Hujambo? Nimesikia umeng'oa vigingi vya wapima ardhi ukavipikia supu. Acha, kaka. Nchi ile imekwenda, na jina lako limo katika karatasi yao. Niligusa mimi. Karani aliuliza, "Wasu Hota yuko wapi?" Nikamjibu, "Mimi na yeye ni mtu mmoja." Si ndivyo tulivyolelewa? Wanao si wananiita baba? Watu wako waliokuwa huku waliposikia, nao wakagusa. Nilitaka kukuepusha na askari. Tafadhali nijibu.

Mdogo wako

Kijito cha Mierebi, Mwezi wa Majani Kupukutika

Magaju Luta,

Salamu sina. Wamerudi na askari arobaini, wamechomeka vigingi upya. Kimoja kiko chini ya jukwaa la mama.

Ulimwambia karani kweli, ndiyo maana inaniuma. Nilikuwa na ndugu, tukawa mtu mmoja. Nimemlilia siku nne. Nimekata nywele kama afanyavyo mfiwa, nimegawa farasi, hema, hata sufuria. Shangazi aliuliza, "Maiti iko wapi?" Nikamwambia iko ofisini, inakula.

Nywele zenyewe zimo ndani ya barua hii. Mimi nimekaa chini ya jukwaa la mama, na siondoki. Askari wakiniita, wataniona. Safari hii hakuna wa kunijibia.

Wasu Hota